Busu Lililokataa Kwisha

Nilijiona nikimbusu Ubirajara, nikasubiri tumalize, na hatukumaliza.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Ukumbi wa sinema wa barabara ya Rua Nova, mjini Recife, ulikuwa umejaa hadi watu wamesimama ukutani, na mimi nimekaa katikati ndani ya gauni la hariri ya kijani alilonishonea shangazi yangu Zulmira. Kushoto kwangu alikaa shangazi mwenyewe. Kulia kwangu alikaa Dona Perpétua, mama yake Leôncio mpiga picha wetu, ambaye kesho yake alikuwa aje nyumbani kwetu kumposea mwanawe. Tangu afiwe na mumewe hajavaa rangi nyingine isipokuwa nyeusi, na maishani mwake hakuwahi kuingia ukumbi wa sinema. Siku hiyo alikuja kwa makusudi, aione kazi ya mkwe mtarajiwa kwa macho yake mwenyewe, asije akasimuliwa na majirani.

Basi akaiona.

Kule mbele, kwenye kitambaa cheupe, mikono ya Ubirajara, karani wa benki niliyeigiza naye, ilinishika mabega polepole. Uso wangu ukainuka polepole. Macho yakafumba polepole zaidi. Bibi mpiga piano alikuwa amechagua wimbo mfupi wa mahaba. Akaupiga mpaka mwisho, akainua macho, akatukuta bado tumo, akauanza upya. Vijana wa viti vya juu wakapiga miluzi.

“Jamani, mwacheni dada apumue!” akapiga kelele mmoja wao, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka, wala sikuona haya. Ukweli ni kwamba nilikuwa naitazama shingo yangu na kuiona nzuri. Lakini nikaliona pazia la dirisha nyuma yetu. Upepo ulikuwa unalijaza kidogo kidogo, kwa uvivu ambao sijawahi kuuona kwa upepo wowote wa Recife, na hapo nikajua kilichotokea. Nikageuza kichwa kumtafuta Leôncio.

Alikuwa amesimama kando ya mlango, kofia mkononi, uso umemwiva. Tulitazamana juu ya vichwa vya watu wote wale. Akainamisha macho, na mimi nikapata uhakika.

Kamera yetu inazungushwa kwa mkono, kama mashine ya kusagia kahawa. Mzungushaji akienda mwendo uleule bila kuyumba, kule ukumbini watu wanatembea kama watu. Akizembea, wanakimbiakimbia kama kuku. Akizungusha kwa haraka, picha zinakuwa nyingi kupita kiasi, na zikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida kila kitu kinakuwa kizito, kinakokota, hakitaki kwisha. Leôncio Farias alikuwa na mkono uliotulia kuliko yeyote katika mji huu. Alipokuwa anafanya kazi aliimba kimyakimya ndani ya mdomo, wimbo mmoja wa maandamano ya kanivali, ili mkono ufuate. Bráulio, bwana mkubwa wetu anayetunga na kuongoza filamu zote, alikuwa akisema saa ya kanisa itakosea kabla Leôncio hajakosea.

Na busu lenyewe lilikuwa la kukata na kwenda. Tulilipigia uani kwa Bráulio, ndani ya sebule yetu ya kuigizia, ya kuta tatu na isiyo na dari, jua la saa nne likitupiga utosini. Mke wa Ubirajara alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu ameshika mwavuli, Ubirajara mwenyewe ananuka vitunguu, na mimi nililipiga busu lile kama mtu anayemeza kwinini. Filamu mbichi ni ghali, kwa hiyo hatukurudia. Leôncio akaenda zake mashambani kupiga picha za kiwanda cha sukari, Bráulio akaisafisha na kuikata filamu peke yake, na alipoona kilichotoka akafurahi, akafunga mdomo.

Taa zilipowashwa Dona Perpétua aliufunga upepeo wake. Hakunitazama. Alimtazama shangazi.

“Kesho saa tisa tutakuja, Dona Zulmira,” akasema. “Nilishasema nitakuja. Mimi nikisema kitu nakifanya.”

Usiku huo nililala vizuri, shangazi hakulala.

Jumapili saa tisa kamili waliingia. Shangazi alikuwa ametoa vikombe vya harusi yake na kuoka keki ya kukunja yenye jemu ya mapera, nyembamba kila tabaka, kazi ya asubuhi nzima. Dona Perpétua alikaa kwenye kiti cha henzirani kile cha wageni. Leôncio akakaa pembeni yake, kola imemkaba, kofia magotini. Nywele zake alikuwa amezipaka mafuta hata zile mbili tatu za utosini ambazo hukataa kulala, na zilikuwa zimesimama vilevile. Nilimpenda sana saa ile. Miaka miwili mwanaume huyu alikuwa akinitazama kwa jicho moja tu, lile jingine limefumbwa nyuma ya kamera, na jicho hilo moja lilinijua kuliko watu wengi wenye mawili.

“Karibu keki, Dona Perpétua,” shangazi akasema.

“Nimekula.”

“Hata kipande?”

“Hata kipande. Mimi nikiwa na neno kooni, chakula hakipiti.”

Shangazi akaweka sahani mezani. “Basi litoe hilo neno, tule.”

“Nitalitoa.” Dona Perpétua akajiweka sawa. “Mimi si mtu wa kizamani, Dona Zulmira. Mwanangu alipoacha karakana ya dhahabu ya marehemu baba yake, akaniambia anataka kuzungusha mashine, nililia, kisha nikanyamaza. Aliponiambia anataka kumwoa msichana wa filamu sikulia, maana machozi niliyamaliza kwenye mashine. Nikasema, nitamwona kwanza. Nikamwona. Msichana ana adabu, anacheka vizuri, anajua kuchagua samaki. Nikasema sawa. Lakini jana!”

“Jana,” shangazi akaitikia kwa unyonge.

“Leo asubuhi natoka kanisani, fundi wangu wa nguo ananiuliza mbele ya watu, ‘Dona Perpétua, eti yule binti alivuta pumzi kupitia wapi?’ Mimi! Naulizwa hivyo mimi, kwenye ngazi za kanisa!”

Nilijiuma ulimi nisicheke.

“Cheka tu, binti,” akaniambia. “Sharti langu ni moja. Uache sinema. Ukiacha leo, naposa leo, na harusi nitaisimamia mimi mwenyewe kwa moyo mweupe. Usipoacha, nachukua mwavuli wangu.”

Dirishani kwa jirani wa ng’ambo ya barabara niliona pazia likifunguliwa kidogo. Barabara yetu ni nyembamba, na posa ya Jumapili ni mali ya mtaa mzima.

Sikumjibu yeye. Nilimgeukia Leôncio.

“Leôncio,” nikasema kwa upole, “siku ile uani, busu lilikuwa refu vile?”

“Hapana.”

“Lilikuwaje?”

“Fupi. Fupi sana.”

“Sasa mbona jana lilikuwa refu?”

Ningeweza kusema mimi. Jambo lenyewe nilikuwa nalo mdomoni tangu jana. Lakini lilikuwa lake, na nilitaka kuona atalifanyaje mbele ya mama yake, kwa sababu mwanaume anayekuja kuposa na mama yake lazima aje na ulimi wake pia.

Akavuta kola. Akaigeuza kofia.

“Mashine,” akasema. “Mashine ilipata hitilafu, mama. Kuna gurudumu moja mle ndani…”

“Gurudumu gani?” nikauliza.

“La ndani.”

“Lile unalolifuta kwa kitambaa laini kila jioni? Lililokoga mara nyingi kuliko mimi?”

“Guiomar, tafadhali.”

“Lilipata hitilafu kwenye busu tu? Kabla yake nilipoingia na barakoa ya kanivali lilikuwa zima, na baada yake Ubirajara alipojitupa baharini lilikuwa zima?”

Mashavu yake yaliwaka kama yalivyowaka jana, na mimi moyo uliniuma, uliniuma kweli, maana nilikuwa nimeshajiona bibi harusi wake. Lakini nikasimama.

“Chukua kofia yako, Leôncio. Dona Perpétua, ahsante kwa kuja. Posa haipo leo.”

“Guiomar!” shangazi akapiga kelele.

“Shangazi, mtu anayekisingizia chuma mbele ya mama yake, mimi atanisingizia nini mbele ya mji?”

Dona Perpétua alikuwa ameshainuka. Nadhani alifurahi, na nadhani pia alishangaa kuwa anafukuzwa kabla hajaondoka mwenyewe. Akatangulia mlangoni. Leôncio akamfuata, kofia ameishika kinyume. Nilisimama pale pale nimenyoosha mgongo, nikijiambia sitamwita, hata akifika mwisho wa barabara sitamwita.

Alifika kizingitini akasimama.

“Mama, rudi ukae,” akasema.

“Nikae nini tena? Tumefukuzwa.”

“Kaa, mama. Mashine haina kosa. Ni mimi.”

Dona Perpétua hakukaa, lakini alisimama kusikiliza. Leôncio alizungumza akiwa ameelekea barabarani, hakuwa na uwezo wa kututazama, na kwa hiyo mtaa mzima ulisikia vizuri kuliko sisi.

“Nilimwona anafumba macho. Najua anaigiza, mama. Mimi ndiye niliyemwambia afumbe, kwa ajili ya jua. Ubirajara ni rafiki yangu, mkewe yuko pale. Yote nayajua. Lakini mkono ulikataa kunisikiliza. Nilitaka liishe. Nikazungusha ili liishe, nikazungusha kama mtu anayekimbizwa na mbwa, wimbo umenipotea, jasho linanitoka. Na kadiri nilivyokazana kulimaliza ndivyo nilivyozidi kulirefusha. Ningetulia, jana lingepita hata usilione. Ule urefu wote mlioutazama, ni wivu wangu.”

Kutoka dirisha la ng’ambo sauti ya mwanamke ikasema, “Maskini!” kisha pazia likafungwa haraka.

“Wewe?” Dona Perpétua akauliza. “Unayesifiwa mpaka mji wa jirani, Olinda, kwa mkono uliotulia?”

“Mimi.”

“Kwa wivu wa Ubirajara? Huyu wa benki? Mwenye meno yale?”

“Huyo huyo, mama.”

Shangazi alijifunika mdomo kwa leso, mabega yanamtikisika.

“Na kwa nini hukusema mwanzo?”

“Bráulio akijua atanicheka mpaka kanivali ijayo. Na Guiomar pia angejua.”

“Guiomar anajua tangu jana,” nikasema. “Hata upepo ulinisimulia.”

Hapo ndipo aliponigeukia, kwa macho yote mawili. Sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo kabla ya siku ile. Nilitamani chumba kisiwe na mtu mwingine. Lakini Dona Perpétua alikuwemo, na hakuwa amekwisha.

“Sawa,” akasema, akikaa tena. “Busu lilikuwa fupi. Nimeelewa, na fundi wangu nitamweleza. Lakini busu fupi nalo ni busu. Sharti langu liko pale pale.”

“Na jibu langu liko pale pale,” nikamwambia. “Dona Perpétua, kabla ya sinema nilikuwa nauza glavu, pale pale Rua Nova. Wake za watu wote wenye nafasi wa mji huu niliwavisha mikono, kidole kwa kidole, nimepiga magoti, na hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni. Siku moja Bráulio aliingia kununua jozi ya mkewe, akanitazama, akauliza kama naweza kulia bila kunusa kitunguu. Nikalia pale pale dukani. Hii ni filamu yangu ya tatu. Jina langu limeandikwa mlangoni mwa sinema kwa herufi kubwa kuliko la Ubirajara, na kampuni ya Rio imeshaniulizia. Mimi kazi hii naiweza. Siachi. Si kwa sababu yako, wala ya mwanao, na mwanao nampenda.”

Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo mbele ya watu. Lilitoka tu, wala sikulirudisha.

“Unasikia anavyosema?” Dona Perpétua akamwambia shangazi.

“Namsikia tangu ana miaka sita,” shangazi akajibu. “Dada yangu aliniachia mtoto, hakuniachia dawa yake.”

Nikamgeukia Leôncio tena. Lilikuwa limebaki swali moja, na hilo ndilo nililoliogopa.

“Filamu inayofuata ina mabusu mawili. Moja darajani, moja mlangoni mwa kanisa.”

“Mlangoni mwa kanisa!” Dona Perpétua akajipigia ishara ya msalaba.

“Utaweza kuzungusha, Leôncio? Usinijibu kwa mapenzi. Nijibu kwa ukweli.”

Alifikiri. Aliuangalia mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua.

“Siwezi,” akasema.

Nikaanza kuutazama mlango.

“Nikikudanganya utanifukuza mara ya pili,” akaendelea, “kwa hiyo nasema siwezi. Filamu ya nne, filamu ya kumi, hata tukiwa na wajukuu. Mkono utakimbia tu. Kila busu lako nitaliharibu.” Akauficha ule mkono nyuma yake. “Kwa hiyo siku za busu azungushe Bráulio.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Ile kamera aliinunua kwa kuuza vyombo vyote vya karakana ya dhahabu ya baba yake. Hamruhusu mtu auguse mpini wake. Bráulio aliwahi kuushika siku moja kwa mzaha tu, na wiki nzima wakawa wanapeana maneno kupitia kwangu.

“Bráulio?” nikauliza. “Aushike mpini?”

“Aushike.”

“Na anazungusha vibaya vile?”

“Nitamfundisha. Nitamfundisha na wimbo.”

“Na wewe utakuwa wapi?”

“Nyuma ya nyumba. Nitakunywa maji ya miwa na mke wa Ubirajara, kama na yeye amechoka kushika mwavuli. Mkimaliza mniite.”

Niliwahi kuigiza kupendwa mara tatu, kwa machozi, kwa barua, kwa mtu kujitupa baharini kwa ajili yangu. Hakuna hata moja iliyonifikia kama maji yale ya miwa. Nilicheka, kisha nikalia, na safari hii sikuwa naigiza chochote. Leôncio akapiga hatua kuja kwangu, akakumbuka mama yake yupo, akasimama katikati ya chumba hajui aiweke wapi mikono.

“Haya, mmeshapatana,” Dona Perpétua akasema. “Vizuri sana. Bráulio atazungusha, huyu atakunywa miwa, yule atabusu watu milangoni mwa makanisa. Lakini mimi nilikuja hapa kuposa msichana mmoja, nimemkuta mwingine. Siposi. Wala msinifanye mbaya. Neno la posa linatoka kwa mzazi, na mimi halinitoki.”

Alikuwa anasema kweli. Kwetu, mkubwa asipotamka hakuna uchumba. Mnaweza kupendana mpaka mvi, mtaitwa majina mengine, wachumba hamtaitwa. Leôncio hana baba, na mjomba wake yuko mbali kaskazini. Mwenye neno alikuwa amekaa pale, amefumba mdomo kama mkoba.

Shangazi alinitazama kwa huruma. Alidhani nimeshindwa, na nadhani Leôncio naye alidhani hivyo.

Nilipangusa uso. Nikapita mbele ya Leôncio, nikavuta kiti, nikakiweka mbele ya Dona Perpétua, karibu, magoti yetu yakikaribia kugusana. Nikakaa wima, mikono mapajani.

“Dona Perpétua,” nikasema, “naitwa Guiomar Tavares. Baba na mama sina. Nina shangazi, ndiye huyu, na anaweza kunishuhudia. Nimekuja kuposa. Namtaka mwanao Leôncio.”

“Mungu wangu,” shangazi akanong’ona.

Ng’ambo ya barabara madirisha yalifunguliwa wazi, hakuna aliyejificha tena. Leôncio aligeuka akatutazama, mdomo wazi. Dona Perpétua alinikazia macho muda mrefu, kutoka nywele mpaka viatu, kama anavyomkagua samaki sokoni, na mimi nikamwachia anikague, maana kukaguliwa ndiyo kazi yangu. Pembe moja ya mdomo wake ilianza kupigana na nyingine. Akaunyoosha mgongo. Akaweka mikono juu ya mwavuli, akavaa sauti ya wazee wa nyumba wanapomhoji kijana aliyekuja na soksi mpya.

“Unafanya kazi gani?”

“Mwigizaji wa filamu.”

“Kazi ya kudumu?”

“Ya kudumu.”

“Na ukishaoa, utaendelea nayo?”

“Nitaendelea nayo.”

Kisha akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama katikati ya sebule yetu na zile nywele zake mbili tatu zimesimama, masikio yamemwiva, macho ameyashusha sakafuni kama binti wa watu.

“Umesikia mwenyewe,” akamwambia. “Haya. Unamtaka?”

“Namtaka, mama,” akasema Leôncio.